Meli ya utalii husogea umbali gani kutoka kwenye barafuto? Mwongozo wa safari ya Alaska

Jibu fupi ni mita 400. Huo ndio umbali ambao meli kubwa yenye abiria elfu kadhaa husimama mbele ya barafuto ya Margerie, ndani ya hifadhi ya Glacier Bay huko Alaska, siku ikiwa njema. Siku isiyo njema, au kwenye barafuto nyingine, umbali huo unaweza kuwa kilomita mbili, nane au zaidi, na nauli uliyolipa ni ileile. Mambo mengi yanayoleta tofauti hiyo yanajulikana kabla ya kulipia tiketi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Barafuto ni mto wa barafu: theluji iliyoshindiliwa miaka na miaka hadi ikawa barafu nzito, inayotambaa polepole kushuka bondeni. Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori bado zina masalia yake, lakini hayo huishia juu mlimani. Barafuto tunazozizungumzia hapa hufika baharini, zikaishia kwa ukuta uliosimama majini ambao humeguka mapande mapande. Kumeguka huko ndiko watu wanakofuata, na ndiko kunakowazuia wasisogee.

Kwa nini mita 400

Ukuta wa Margerie una urefu wa kama mita 75 juu ya maji, sawa na jengo la ghorofa 25, na sehemu nyingine ya mita 30 hivi imezama. Pande likianguka kutoka juu, mawimbi na vipande vidogo hurushwa mbele. Hilo la juu angalau unaliona likija. Barafu iliyo chini ya maji nayo hukatika, na kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji huchomoka ghafla kutoka kilindini, pengine mbali na ukuta, mahali ambapo sekunde moja kabla palikuwa shwari. Ndiyo maana wasimamizi wa hifadhi huwaambia wenye vyombo wakae angalau robo maili, yaani hizo mita 400, na chombo kidogo hakina ruhusa ya kujidanganya kwamba kitakimbia.

Mwaka 2007 huko Svalbard, kaskazini mwa Norwe, meli ndogo ya utalii ilikuwa karibu mno na ukuta wa barafuto ya Hornbreen pande lilipoanguka. Wimbi liliitikisa, vipande vya barafu vikamwagika juu ya sitaha, na abiria zaidi ya kumi wakaumia.

Meli kubwa ya mita 300 haitishwi sana na wimbi la namna hiyo kwenye maji ya kina. Kinachomsumbua nahodha wake ni mabonge yanayoelea. Mabaharia huyagawa kwa ukubwa: yanayojitokeza chini ya mita moja juu ya maji, yale ya mita moja hadi tano, na yanayozidi mita tano ambayo ndiyo siwa barafu hasa. La hatari zaidi kwa meli ni lile dogo la kwanza. Limezama karibu lote, halionekani vizuri kwenye rada bahari ikichafuka kidogo, lakini lina uzito wa tani kadhaa. Meli za starehe hazikuundwa kuvunja barafu. Bamba la omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, likigonga bonge, au rafadha (panga linalosukuma meli) ikilimeza, safari imekwisha. Juni 2022 meli moja kubwa iligonga bonge karibu na barafuto ya Hubbard, ikakatisha ziara na kurudi Seattle kutengenezwa. Hata ile ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez ya mwaka 1989 ilianza na barafu: meli ilitoka kwenye njia yake ili kukwepa mabonge yaliyotoka barafuto ya Columbia, ikaishia juu ya mwamba.

Kwa hiyo ukisikia nahodha ametangaza kwamba ataishia kilomita tano kutoka Hubbard, usimwone mwoga. Amehesabu ni sehemu ngapi kati ya kumi za maji yaliyo mbele zimefunikwa na barafu, akatazama upepo na mkondo, akauliza kama njia ya kurudi itabaki wazi baada ya saa moja. Pembeni yake yupo rubani wa meli wa Alaska, ambaye meli za bendera ya kigeni hulazimika kumchukua, naye anazijua kona hizo kuliko ramani.

Sili, wale mamalia wa baharini, nao wana kauli. Hujifungua juu ya mabonge hayo Mei na Juni, na mama akishtuka akajitupa majini mtoto huweza kupotea. Mwongozo wa serikali ya Marekani kwa maeneo ya barafuto ni kukaa mita 460 hivi kutoka kwa sili. Ndani ya Glacier Bay sheria ni kali zaidi: mkono wa bahari wa Johns Hopkins umefungwa kabisa kwa meli za utalii kuanzia Mei 1 hadi Agosti 31. Atakaye kuuona kutoka meli kubwa asafiri Septemba.

Chagua mahali kabla ya kuchagua meli

Watu wengi hufanya kinyume. Wanatafuta meli yenye mabwawa na mikahawa mizuri, kisha wanashangaa siku ya barafuto. Fungua ratiba, tafuta siku ambayo meli haifungi gati bali inapita kutazama, usome jina la mahali.

Kama ratiba inasema Glacier Bay, una uhakika mkubwa kuliko kwingine. Hifadhi huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, na askari wa hifadhi hupanda melini asubuhi karibu na Bartlett Cove ili kuwaeleza abiria wanachokiona. Nafasi nyingi zimeshikwa na kampuni za Princess, Holland America na Norwegian, na hifadhi hutoa kalenda inayoonyesha meli gani inaingia tarehe gani. Ilinganishe na tiketi yako. Meli hukaa ndani kwa muda wa saa nane hadi kumi, na kama saa moja kati ya hizo huwa mbele ya Margerie. Ghuba nzima ina urefu wa zaidi ya kilomita 100, na mwaka 1794, msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver ulipopita, karibu yote ilikuwa barafu. Jirani ya Margerie kuna Grand Pacific, ambayo wengi huitazama bila kujua kuwa ni barafuto kwa jinsi ilivyofunikwa na mawe na udongo.

Hubbard, karibu na mji mdogo wa Yakutat, ni bahati nasibu yenye zawadi kubwa. Ndiyo barafuto kubwa kuliko zote zinazofika baharini Amerika Kaskazini: urefu wake ni kilomita 122, ukuta wake una upana wa kilomita kumi hivi, na mahali pengine unainuka mita 100 na ushei, yaani kama jengo la KICC la Nairobi. Tofauti na nyingi, hii inasonga mbele. Mwaka 1986 na tena 2002 ilifunga mdomo wa mkono wa bahari wa Russell Fjord na kuugeuza kuwa ziwa kwa muda. Ukubwa huohuo ndio unaomwaga mabonge mengi majini. Siku safi meli hufika chini ya kilomita moja. Siku ya barafu nyingi utauona mstari mweupe kwa mbali, ukumbuke nauli.

Endicott Arm, yenye barafuto ya Dawes, ni mkono mwembamba wa bahari kati ya kuta za miamba. Meli kubwa mara nyingi huishia kilomita kadhaa kabla ya barafu kwa kukosa pa kugeukia. Jirani yake, Tracy Arm, ilipendwa sana hadi Agosti 10, 2025, mlima ulipoporomoka karibu na barafuto ya South Sawyer na kusukuma maji yakapanda zaidi ya mita 400 kwenye ukuta wa upande wa pili. Ilikuwa alfajiri, hapakuwa na meli pale. Tangu hapo kampuni nyingi zimehamishia safari zao Endicott, kwa hiyo kipeperushi kinachokuahidi Tracy Arm ukihoji kwanza.

Kwa mwezi, ningesema Julai au Agosti. Mei na mwanzoni mwa Juni maji ya mbele ya barafuto huwa yamejaa mabonge zaidi, na sili wanazaa. Septemba Johns Hopkins inafunguliwa, ila mvua na ukungu huongezeka.

Kuna njia ya kuongeza uhakika ukiwa tayari kulipa zaidi. Baadhi ya meli kubwa zinazopita Endicott huuza ziara ya pembeni: boti ya abiria inakuja ubavuni, unahamia humo, inapenya mahali ambapo meli haigeuki. Au achana na meli kubwa kabisa: kutoka mji wa bandari wa Seward, Alaska, boti za siku moja huenda barafuto za Aialik na Holgate, na kutoka mji wa Whittier huenda ghuba ya Prince William Sound. Boti hizi nazo hukaa kama mita 400, lakini umekaa chini karibu na maji, na ukuta unaonekana mkubwa mara mbili. Antaktika ni habari nyingine: huko meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu, na ukaribu hutokana na boti za mpira.

Jambo moja la makaratasi huwakwamisha wenye pasipoti za Kenya na Tanzania. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kuanza na kumaliza safari Marekani bila kugusa bandari ya nje, kwa hiyo meli za Seattle husimama Victoria, Kanada, na nyingine huanzia Vancouver. Utahitaji viza ya Kanada hata kama hupangi kushuka Victoria, na viza ya Marekani inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Maliza hilo kabla ya kulipa amana. Halafu soma mkataba: nahodha ana haki ya kuacha barafuto kwa sababu ya barafu, ukungu au mgonjwa anayehitaji kuwahishwa, na kwa kawaida hurudishiwi kitu.

Siku yenyewe

Vaa kama unaingia chumba cha kugandishia samaki. Hata Julai hewa inayoshuka kutoka kwenye barafu huweza kuwa nyuzi 5, na upepo wa meli huishusha zaidi. Fulana ya kubana, sweta, koti lisilopitisha upepo, kofia ya kufunika masikio, na glavu nyembamba zinazoruhusu kubonyeza kamera. Khanga au kikoi shingoni hufanya kazi vizuri kuliko skafu za dukani melini. Darubini iwe ya kukuza mara 8; zaidi ya hapo mkono hutetemeka.

Uwe nje dakika 45 kabla ya kufika. Meli nyingi hufungua sitaha ya omo siku hiyo tu, na hujaa upesi. Ukikosa, usipande juu kabisa pamoja na umati. Sitaha ya chini inayozunguka meli ina watu wachache, na kutoka hapo mabonge na sili wako karibu na usawa wa macho. Ya juu inafaa kwa dakika chache, kuona nyufa zilizo mgongoni mwa barafuto. Mwenye roshani chumbani asihangaike: meli huzungushwa taratibu papo hapo ili kila ubavu upate zamu.

Macho yatakudanganya kuhusu umbali, kwa sababu hakuna mti wala nyumba ya kulinganishia. Tumia ngumi. Nyoosha mkono wako mbele ya Margerie: ukuta ukilingana na ngumi nzima kutoka juu hadi chini, uko kama mita 400. Nusu ngumi ni mita 800 na ushei. Ukifichwa na upana wa kidole kimoja, uko kilomita mbili. Njia ya pili ni sauti. Pande likigusa maji, hesabu sekunde hadi usikie mshindo, kisha zidisha kwa 340. Sekunde sita ni kilomita mbili.

Kukamata tukio la kumeguka kunahitaji subira na dalili. Tazama mahali ambapo vipande vidogo vinachuruzika kama mchanga, kwani mara nyingi pande kubwa hufuata hapohapo. Washa video wakati huo, usingoje mshindo: ukiusikia, tukio limeshapita. Kwa picha weka kasi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde, piga mfululizo, na usikuze hadi mwisho, maana kitakachokatika hukijui. Ndege weupe wakikusanyika sehemu moja chini ya ukuta, huenda maji matamu yanabubujika hapo kutoka chini ya barafu na kuwaletea chakula juu. Wapo watakaokuambia honi ya meli huiangusha barafu. Haiangushi, hushtua sili tu.

Meli ikianza kuondoka, abiria wengi hukimbilia chakula cha mchana. Baki nje. Njia ya kutoka Margerie hupita Lamplugh, yenye ukuta wa buluu kuliko Margerie, na mdomo wa ghuba ya Reid. Kingo za sitaha zitakuwa tupu, na kahawa utaikuta baadaye.