Namna ya Kulinganisha Tabia na Utambuzi wa Jamii ya Nyani na Wanyama Wenye Kwato

Mkazi wa Nairobi anayetaka kulinganisha wanyama wa jamii ya nyani na wanyama wenye kwato ana bahati ambayo wakazi wa miji mikuu mingi mingine hawana. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, ina nyani na tumbili pamoja na swala pala, kongoni, punda milia, twiga na nyati. Msitu wa Karura nao una kima na mbega matawini, na pongo wakijificha vichakani chini yao. Kikwazo hakiko kwa wanyama bali kwa anayewatazama. Sisi binadamu ni wa jamii ya nyani, kwa hiyo uso wa kima tunausoma bila kufundishwa na mtu, ilhali swala mmoja hatumtofautishi na mwingine. Asiyejihadhari atarudi nyumbani na daftari lililojaa visa vya nyani, na mistari michache inayosema kwamba swala walikuwa wakila. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa inalenga kupunguza upendeleo huo.

Anza na swali linaloweza kujibiwa kwa kutazama. "Nani ana akili zaidi?" si swali la namna hiyo, kwa sababu akili haina kipimo kimoja, na koo hizi mbili ziliachana takriban miaka milioni 90 iliyopita, kila mmoja ukapata njia yake ya kutafuta chakula, kukwepa maadui na kulea watoto. Uliza badala yake kuhusu tatizo linalozikabili pande zote mbili: mnyama hugawaje muda wake kati ya kula na kujilinda dhidi ya chui? Hufanya nini baada ya mwenzake kumtoa kupe? Kisha tafuta spishi mbili ambazo maisha yao yanakaribiana. Nyani na swala pala ni jozi nzuri, kwa kuwa wote hukaa makundini, hutafuta chakula mchana mahali pa wazi, na huwindwa na chui yuleyule. Anayependa kuchunguza familia anaweza kuchukua mbega na punda milia, ambao kwa kawaida huishi katika makundi ya dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao. Jozi mbaya ni ya nyani na kifaru mweusi: kifaru aliyekomaa huishi zaidi peke yake, na tofauti utakayoiona itatokana na upweke na ujamaa kabla haijatokana na kwato na vidole.

Baada ya hapo andika maana ya kila tabia kabla hujaenda uwandani, kwa maneno yanayotaja mwendo wa mwili tu. "Ana wasiwasi" haifai. "Amesimamisha masikio, miguu minne imetulia, ameacha kutafuna" inafaa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Chukua mfano wa kuangalia hatari, ambao wengi huupima kwa kuhesabu mara ambazo mnyama ameinua kichwa. Nyani huketi wima akila kwa mikono, kwa hiyo kichwa chake kiko juu hata pale ambapo macho yake yako kwenye mzizi anaoumenya. Swala huinamisha kichwa ili apate majani, lakini macho yake yako pembeni mwa kichwa na mboni zake zimelala mlalo, hivyo huona sehemu kubwa ya upeo akiwa bado anakula. Ukihesabu vichwa vilivyoinuliwa, utakuwa umepima namna wanavyokula. Kipimo chenye haki zaidi ni kile cha mwitikio: sauti ya ghafla inaposikika, kwa mfano ndege inayopita au gari linalofunga breki, mnyama huchukua sekunde ngapi kabla ya kuacha kutafuna na kugeukia upande wa sauti, na huchukua muda gani kabla ya kurejea chakula chake?

Kuhusu namna ya kurekodi, ningemshauri kila anayeanza afuate utaratibu ambao Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani, aliueleza mwaka 1974, ambao hadi leo ndio msingi wa kazi hii. Njia ya kwanza ni kulipitia kundi zima kwa macho kila baada ya dakika kumi, kwa mfano, na kuandika kila mmoja anafanya nini wakati huo. Njia ya pili ni kumchagua mnyama mmoja kwa kura na kumfuatilia kwa dakika kumi au kumi na tano, ukiandika kila anachofanya, hata kama hafanyi lolote la kuvutia. Kinachokatazwa ni kuandika tu kile kilichokuvuta macho, kwa maana nyani wanaopiga kelele na kufukuzana watakuvuta macho siku zote. Tumia njia ileile, saa zilezile na muda uleule kwa spishi zote mbili. Kumbuka pia kwamba swala aliyelala adhuhuri mara nyingi anacheua, na kucheua ni sehemu ya kula. Ukiandika "anapumzika", utamfanya aonekane mvivu wakati yuko kazini.

Tabia ya kusafishana inastahili muda wako zaidi ya nyingine zote, kwa kuwa inaonekana waziwazi pande zote mbili na inafundisha mengi. Nyani huketi nyuma ya mwenzake, hutenganisha manyoya kwa vidole na kuchambua ngozi kwa utulivu, pengine kwa dakika nyingi mfululizo. Swala pala hana mikono wala meno ya mbele ya juu. Hutumia meno ya mbele ya chini kama kitana, akiyapitisha kuelekea juu kwenye shingo na kichwa cha mwenzake, yaani mahali ambapo mwenye mwili hawezi kufika kwa mdomo wake mwenyewe. Humchana mara chache, husita, kisha mwenzake hurudisha, na zamu huendelea hivyo. Watafiti Benjamin Hart na Lynette Hart walieleza mwaka 1992 jinsi swala pala wanavyolipana kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa, hata kati ya wasio na undugu. Kwa nyani wa kike mambo ni tofauti: cheo hurithiwa kutoka kwa mama, ndugu hupendelewa, na wema wa leo si lazima ulipwe leo.

Basi andika nani ametoa, nani amepokea, sehemu gani ya mwili, sekunde ngapi, na kama zamu ilirudishwa kabla hawajaachana. Ukipima urefu wa muda peke yake, nyani wataonekana kuwa na ujamaa mwingi. Ukipima malipo ya papo hapo, swala pala watawapita. Matokeo yote mawili ni ya kweli, na msomaji wako anastahili kuyapata yote. Zaidi ya hayo, usidhani kwamba swala wanatoana kupe tu huku nyani wakijenga urafiki tu: utafiti wa nyani wa Amboseli ulionyesha kwamba wale wanaosafishwa zaidi huwa na kupe wachache.

Ukifika kwenye majaribio ya utambuzi, swali la kwanza ni iwapo mwili wa mnyama unaweza kutoa jibu. Sanduku linalofunguliwa kwa kubana kwa vidole halimpimi mbuzi. Watafiti waliotengeneza kifaa cha kuvutwa kamba kwa meno na kisha kuinuliwa wenzo kwa pua walichapisha mwaka 2014 kwamba mbuzi tisa kati ya 12 walijifunza hatua hizo, na miezi kumi baadaye walikuwa bado wanazikumbuka. Rangi nazo zina mtego wake: nyani, kima na tumbili hutofautisha nyekundu na kijani kama sisi, lakini wenye kwato wengi hawawezi, kwa hiyo tumia vyombo vinavyotofautiana kwa umbo. Twiga wa bustani ya wanyama ya Barcelona walipimwa kwa vyombo viwili vyenye karoti na mboga wasiyoipenda sana kwa uwiano tofauti, wakachagua mkono uliochota kwenye chombo chenye uwiano mkubwa wa karoti. Jaribio la aina hiyo lilikuwa likifanyiwa nyani wakubwa, yaani sokwe na jamaa zake, na halikuhitaji vidole. Lilihitaji kuchagua tu.

Jambo jingine ni ishara za mtafiti mwenyewe. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, alikuwa akisoma mienendo midogo ya kichwa cha aliyemuuliza. Wengi hukumbuka kisa hicho kama aibu, lakini kwangu ni ushahidi mzito kwamba mwenye kwato anaweza kumsoma binadamu kwa makini kuliko binadamu anavyojijua. Kwa hiyo ukijaribu iwapo mbuzi wa nyumbani huko Kiserian au Dagoretti hufuata ishara ya binadamu hadi kwenye chakula kilichofichwa, kwa ruhusa ya mwenyewe, tumia bakuli mbili zisizoonyesha kilicho ndani, zipake zote mbili harufu ya mahindi, amua upande wa kuficha kwa kurusha sarafu, na anayemshika mbuzi asijue chakula kiko wapi. Fanya kwanza majaribio bila ishara yoyote. Mbuzi akipata zaidi ya nusu kwa wingi, harufu imevuja na utaratibu urekebishwe kabla hujaendelea. Usifanye jaribio hili kwa kima wa bustani ya City Park jijini Nairobi. Kuwalisha kunawazoesha kunyang'anya watu, na kima aliyezoea njugu za wageni hawezi kulinganishwa na pongo anayewakimbia.

Idadi ya sampuli ni idadi ya wanyama, si ya kurasa. Rekodi mia mbili za nyani mmoja ni nyani mmoja. Punda milia watambue kwa michirizi na twiga kwa mabaka, kwa picha za upande mmoja uleule. Nyani kwa masikio yaliyochanika na umbo la mkia. Swala pala dume kwa pembe. Mwombe pia mwenzako atazame video zilezile na kuzijazia jedwali bila kuona lako. Mkihitilafiana zaidi kwa swala kuliko kwa nyani, maana mlizoziandika kwa swala bado hazijakamilika.

Utafiti rasmi wa wanyamapori unahitaji leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya, na idhini ya taasisi husika za wanyamapori, na maombi hayo yaanze mapema.

Jozi moja ya spishi hukuambia kuhusu spishi hizo mbili tu. Ili uzungumzie kwato na jamii ya nyani kwa ujumla, ongeza tumbili, kima, mbega na komba wa usiku upande mmoja, na upande wa pili ongeza kongoni, pofu, twiga, ngiri na punda milia. Kongoni na swala pala ni wa familia moja, hivyo kufanana kwao hakuhesabiwi kama ushahidi mara mbili. Punda milia na kifaru wako katika ukoo wa kwato zenye idadi witiri ya vidole, mbali na hao wengine. Tabia ikijitokeza kwa punda milia na kwa kongoni pia, ina uzito kuliko ikijitokeza kwa swala watatu.