Jinsi ya kuomba kusoma sheria Dar, kuanzia fomu ya chuo mpaka kuvaa joho

Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu simu yangu haitulii, mara mtoto wa mama mdogo kule Mbagala, mara jirani wa zamani Sinza, wote swali moja, "kaka nataka kusoma sheria, naombaje?" Nimechoka kurekodi voisi za dakika saba saba kwaiyo naandika hapa mara moja, akiuliza mtu namtumia hii.

Kabla hujafungua mtandao wa chuo chochote, toa vyeti vyako vyote uviweke mezani usome majina. Sio maksi, majina. Cheti cha kuzaliwa, cha fomu foo, cha fomu siksi, namba ya NIDA kama unayo. Mimi cha kuzaliwa kilikuwa na majina mawili, vya shule vitatu, afu kwenye kitambulisho mtu kanichomekea "u" mwisho wa jina la babu, nikaona si kitu. Miaka minne baadae hiyo "u" ilinipeleka kwa wakili kuapa kiapo, ikanirudisha ofisi fulani mara tatu, na kila nikienda naambiwa mhusika katoka. Ukigundua tofauti sasa hivi, rekebisha sasa hivi. Wewe unataka kuwa mwanasheria bwana, nyaraka ndo kazi yenyewe.

Haya, hatua inayofuata ni kudaunlodi kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka huo. Viko viwili, kimoja cha waliotoka fomu siksi na kingine cha wenye diploma na sifa linganishi, watu wengi wanasoma kisichowahusu afu wanalia wameonewa. Kiwango cha chini cha jumla kwa wa fomu siksi ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye pointi 4.0, na hesabu yake A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, kwaiyo D mbili kinadharia unaomba. Kinadharia nasema. Vyuo vinavyogombaniwa wanapanga foleni kwa ufaulu, na kila programu ina masomo yake inayoyataka, ndo maana waliosoma HGL (historia, jiografia, Kiingereza) na HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) wanaingia kirahisi kuliko wengine. Mwenye diploma, mfano wale wanaotoka chuo cha uongozi wa mahakama Lushoto, anaanzia GPA ya 3.0. Soma mstari wa programu yako wote mpaka mwisho, masomo, idadi wanayochukua, na miaka ya kusoma.

Hapa kwenye jina la programu naomba utulie kidogo maana ndo watu wanapopotelea. Unachotafuta ni LL.B, shahada ya sheria yenyewe, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miaka minne. Pale pale kuna shahada nyingine ya mambo ya usimamizi wa sheria, B.A. in Law Enforcement, ni shahada nzuri tu kwa mtu anayewaza polisi, magereza, uhamiaji na kazi za namna hiyo, ila haikupeleki kwenye uwakili. Nna rafiki aliona neno "Law" akabofya, akaja kustuka yuko darasani. Mbali na Mlimani, hapa Dar sheria unaipata Chuo Kikuu cha Tumaini na Chuo Kikuu Huria, Huria inawafaa sana wenye kazi na familia ila inataka nidhamu, hamna wa kukusukuma.

Na usiniulize "nikasomee sheria ya nini", LL.B haina michepuo mwanzoni. Mnasoma wote katiba, jinai, mikataba, madhara (tort), ardhi, ushahidi, mienendo ya mashauri, na huko miaka ya juu ndo unachagua masomo ya hiari, mwenye kupenda kodi, mwenye kupenda kazi, mwenye kupenda haki za binadamu. Kubobea kwenyewe ni masters. Pale Mlimani kuna mpaka kituo cha Watanzania na Wajerumani, TGCL, kinachofundisha masters ya sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2008. Hayo ni ya baadae, usijichanganye leo.

Kuomba sasa. Siku hizi unaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, sio TCU. Unafungua akaunti kwa namba yako ya mtihani, mfumo unavuta matokeo yako wenyewe, unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu, ada ya maombi huwa 10,000 kwa kila chuo. Omba vyuo viwili vitatu, usimwage hela kumi. Tumia namba ya simu ambayo ni ya kwako na utakuwa nayo mpaka Novemba, sio laini ya kafe wala ya shemeji, maana ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja, na namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa meseji. Ukizembea mpaka tarehe ikapita nafasi anapewa mwenzio.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, usisubiri uchaguliwe ndo uombe, dirisha lake linaenda sambamba. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kwanza, na kama mzazi amefariki na cheti chake cha kifo pia, kisha unajaza mtandaoni, unalipa 30,000, unaprinti fomu, unampelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, wakili au hakimu naye agonge wake, unaskani unapandisha. Kurasa zote, angalia saini kila mahali. Majina tena hapo!

Ukishaingia chuo usikae kusubiri mwaka wa nne ndo uone mahakama. Kuna mafunzo kwa vitendo wakati wa likizo ndefu, na barua ya kuomba nafasi unaipeleka mwenyewe mapema, miezi miwili mitatu kabla. Wengi wanakimbilia ofisi kubwa za mawakili mjini wakaishie kutoa kopi. Mimi nakushauri mahakama za wilaya, Kinondoni au Temeke, au Kisutu, au vituo vya msaada wa sheria kama LHRC. Pale Mlimani kamati ya msaada wa sheria ipo tangu 1967, ulizia namna ya kujitolea. Siku moja ya kukaa na mama wa mirathi aliyedhulumiwa kiwanja utajifunza kuuliza maswali kuliko semina nzima. Na Kiswahili chako kiwe kizuri, tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili japo darasani utaandika Kiingereza.

Ukimaliza LL.B bado sio wakili. Wala huwezi kuomba uhakimu au uwakili wa serikali ukiwa na hiyo peke yake, unaenda Law School, shule ya mafunzo ya sheria kwa vitendo, pale barabara ya Sam Nujoma, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007, mwaka mmoja. Maombi mtandaoni pia: cheti cha LL.B, transkripti, cheti cha kuzaliwa, na wanachukua kwa makundi kwaiyo fuatilia tangazo. Ulizia pia HESLB kama dirisha la mkopo wa huko limefunguliwa. Unakaa darasani kwanza afu unapelekwa mahakamani na kwenye ofisi za sheria. Usiende kwa mazoea ya chuo, mwaka 2022 kwenye kundi moja la watu 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dk. Mwakyembe. Wanaoanguka wengi ni kwenye kuandika nyaraka, na hiyo unaijua kama ulikaa masjala kuliko kama ulikesha na noti.

Ukipita unaandika maombi kwa Jaji Mkuu, unaitwa usaili na Baraza la Elimu ya Sheria, maadili wanauliza sana, kisha siku ya kuapishwa. Joho usinunue mapema, azima kwa aliyekutangulia. Ila cheti cha kuzaliwa beba orijino, kuna mtu atakiomba tu.