Somo: Mafundo ya neva tumboni, yatafute kwa kufuata ateri

Wengi huanza mada hii kwa kukariri majina, na siku ya mtihani majina yanapotea. Anzeni na damu. Fundo la neva, yaani ganglia, ni kundi la seli za neva nje ya ubongo na uti wa mgongo. Yale makubwa ya tumboni yameketi kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, na kila moja limebeba jina la ateri iliyo jirani yake.

Hatua ya 1. Tafuta aota inapopita nyuma ya kiwambo, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo, usawa wa pingili ya 12 ya kifua ya uti wa mgongo. Chini kidogo tu linachomoza shina la siliaki, ateri fupi ya ini, tumbo na wengu, na pande zake mbili zipo ganglia za siliaki, kubwa kuliko zote. Ya kulia hujificha nyuma ya vena kava ya chini, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ya kushoto nyuma ya kongosho. Usitegemee kuona shanga ya mviringo. Ni vipande bapa, vimeng'ang'ania mafuta, na mwenye haraka huvitupa akidhani ni tezi za limfu. Unapopasua maiti, pasua polepole.

Hatua ya 2. Shuka kwenye ateri za utumbo na ganglia zake: mesenteriki ya juu, pingili ya 1 ya kiuno; mesenteriki ya chini, pingili ya 3 ya kiuno. Ganglia za aota na figo zipo palipoanzia ateri za figo.

Hatua ya 3. Fuata neva kubwa ya splankniki, ya mfumo wa simpathetiki, yaani neva zinazoandaa mwili kwa dharura. Huanzia ganglia za kifua za 5 hadi 9, hupenya kiwambo na kuishia siliaki. Hapo humwaga asetilikolini, kemikali ya kupitisha ujumbe, na neva ya pili hupokea ujumbe, hujizungusha kwenye ateri mpaka kwenye ini, tumbo na wengu, kisha hutoa kemikali nyingine, noradrenalini. Mishipa ya damu hubana, mwendo wa chakula hupungua.

Hatua ya 4, inayowaangusha wengi: vagasi, neva ndefu itokayo kwenye ubongo, nayo hupita humo humo lakini haisimami. Hubadilishana ujumbe kwenye ukuta wenyewe wa utumbo, katika mitandao ya neva ya Auerbach na Meissner.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Kwa nini maumivu ya kidole tumbo huanzia kitovuni?

Marahaba. Hisia zake hurudi kupitia njia ya mesenteriki ya juu na kuingia uti wa mgongo karibu na sehemu ya 10 ya kifua, inakoingia pia hisia ya ngozi ya kitovu. Ubongo hauwezi kuzitenganisha. Uvimbe ukifikia utando wa ukuta wa tumbo, maumivu huhamia chini kulia.

Tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, ina ganglia yake?

Kiini chake ndicho ganglia. Neva hufika moja kwa moja bila kituo, na seli humwaga adrenalini ndani ya damu.

Ni kweli wagonjwa wa saratani ya kongosho huchomwa sindano ya alkoholi kwenye ganglia za siliaki?

Kweli, na huwapunguzia mateso makubwa. Alkoholi huharibu neva zinazobeba maumivu, lakini za simpathetiki, zile zinazobana mishipa ya damu, huharibika pamoja nazo. Mishipa ya damu ya tumbo hulegea, hivyo presha huweza kushuka mgonjwa akisimama, na wengine huharisha. Ukiwa zamu wodini, mketishe kwanza kitandani, mpime presha, ndipo umsimamishe.