Namna ya Kufuatilia Msimu wa Hoki ya Barafuni ya Wanawake wa Vyuo vya Marekani Ukiwa Dodoma

Msimu wa hoki ya barafuni ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani huanza mwishoni mwa Septemba, wakati jua la Dodoma linachoma na vumbi linaingia hadi ndani ya madaftari, na humalizika katika nusu ya pili ya Machi, wakati mtama na uwele vimekwisha kusimama mashambani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeufahamu mpira wa miguu, pengine na netiboli, ambaye barafu anayoijua ni ile ya kwenye glasi, na ambaye angependa kuufuata msimu mzima bila kupoteza usingizi wala fedha nyingi za bando. Kwa uzoefu wangu, anayefika Machi akiwa bado anafuatilia ni yule aliyechagua timu moja mapema, akaifungulia kaunta buku, na akaijua vizuri saa ya huko.

Kuchagua timu

Timu za daraja la juu ni zaidi ya 40, nazo zimegawanyika katika ligi tano. Mgeni anahitaji kuzijua mbili tu kwa kuanzia. Ya kwanza ni WCHA, yenye timu 8 za eneo la katikati na kaskazini mwa Marekani, ambayo ndiyo imetawala mchezo huu: tangu ubingwa wa taifa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, uanze mwaka 2001 hadi mwaka 2025, mabingwa wote wametoka humo, isipokuwa Clarkson iliyotwaa kombe mwaka 2014, 2017 na 2018. Mwaka 2020 mashindano yalifutwa kwa sababu ya Uviko. Hadi mwaka huo wa 2025, Wisconsin ilikuwa imechukua mara 8, Minnesota 6, Minnesota Duluth 5 na Ohio State 2. Ligi ya pili ni ECAC, ambayo Clarkson ni mwanachama wake. Ina vyuo 12 vya mashariki, vikiwamo Harvard, Yale, Princeton na Cornell, ambavyo majina yake msomaji wa huku ameyasikia tayari kwa mambo yasiyohusu michezo.

Ukichagua Wisconsin utafurahi sana, lakini hutajifunza mengi, kwa sababu timu inayoshinda kila wiki haimlazimishi shabiki wake kuangalia msimamo wa ligi. Ushauri wangu ni kuchukua timu ya katikati, ile ambayo kila alama inayopata au kuipoteza mwezi Januari ina maana mwezi Machi.

Ukishachagua, andika ratiba yote kwenye kaunta buku kabla ya mechi ya kwanza. Utaona kwamba mechi huja mbili mbili, aghalabu Ijumaa na Jumamosi. Katika WCHA, timu hukutana na mpinzani yuleyule siku zote mbili, na kwa kuwa kila timu ina wapinzani saba inaocheza nao mara nne, mechi za ligi huwa 28. Katika ECAC, timu hucheza na chuo kimoja Ijumaa na kingine Jumamosi, na mechi za ligi huwa 22. Katikati ya Desemba ratiba hukatika kwa ajili ya mitihani na Krismasi, jambo ambalo mwanafunzi wa UDOM au wa Chuo cha Mipango hahitaji kuelezwa. Wachezaji hawa ni wanafunzi kwelikweli, kwa hiyo mbele ya kila jina andika mwaka wake wa masomo. Ndiyo namna pekee ya kujua mapema nani ataondoka.

Saa, ambayo ndiyo kazi yenyewe

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Dodoma haibadilishi saa mwaka mzima, lakini Marekani huirudisha nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba na kuisogeza mbele tena Jumapili ya pili ya Machi. Kati ya tarehe hizo mbili, Madison, nyumbani kwa Wisconsin, na Minneapolis, nyumbani kwa Minnesota, ziko nyuma yetu kwa masaa 9, na Boston na New York kwa masaa 8. Nje ya kipindi hicho, yaani mwanzoni na mwishoni mwa msimu, tofauti hupungua kuwa 8 na 7.

Kuhesabu masaa hayo kwa Kiingereza, halafu kuyageuza kuwa saa ya Kiswahili, huleta makosa, hasa mtu akiwa na usingizi. Ipo njia fupi. Chukua namba ya saa iliyoandikwa kwenye ratiba ya Kimarekani, kisha, kwa Madison na Minneapolis, jumlisha 3 wakati wa baridi na 2 kabla ya Novemba au baada ya badiliko la Machi. Kwa Boston na New York, jumlisha 2 wakati wa baridi na 1 nje ya hapo. Jibu ni saa ya Kiswahili ya Dodoma moja kwa moja, na likizidi 12 unaondoa 12. Mechi iliyoandikwa 7:00 jioni huko Madison mwezi Januari inakuwa saa 10:00 alfajiri kwetu. Mechi ya 2:00 mchana inakuwa saa 5:00 usiku, na hizi za mchana ndizo za kuzitafuta, kwa sababu mtu anaweza kuitazama akiwa bado hajalala.

Tarehe nayo hugeuka. Mechi ya Ijumaa jioni ni ya Jumamosi kwetu, kwa hiyo andika siku ya Dodoma, wala usiandike ya huko. Kumbuka pia kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi: 11/7 ni tarehe 7 Novemba, si 11 Julai, siku chache baada ya Sabasaba.

Mwaka wangu wa kwanza niliamka saa 9:00 usiku, Jumamosi ya kwanza baada ya Wamarekani kurudisha saa, nikachemsha chai, nikakaa gizani nikitazama skrini isiyo na kitu kwa saa nzima. Hilo lilikuwa la kuchekesha. La Machi halikuchekesha, kwa sababu badiliko la pili huja katikati ya mtoano, na hapo anayesahau huchelewa; nilifungua simu nikakuta kipindi cha kwanza kimekwisha na magoli mawili yamefungwa. Tangu hapo Jumapili hizo mbili nazizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Mambo ya uwanjani

Sheria ni chache kuliko zinavyoonekana. Kila upande una wachezaji sita: golikipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimama kila filimbi inapolia. Kinachopigwa kwa gongo, yaani fimbo ya kuchezea, ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimeta 7.6, unene wa sentimeta 2.5 na uzito wa gramu 170 hivi. Kopo dogo la dawa ya viatu, likiwa limejaa, linakupa picha nzuri ya umbo lake. Hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde.

Mzoefu wa soka atashtuka kuona mchezaji bora akitoka baada ya chini ya dakika moja. Hajaumia. Mabadiliko hufanyika wakati mchezo unaendelea, bila kikomo, kwa sababu hakuna anayeweza kukimbia juu ya barafu kwa kasi ile kwa muda mrefu. Kuotea kupo, lakini hupimwa kwa mstari wa bluu uliochorwa: mshambuliaji hapaswi kuutangulia kabla ya kisahani. Anayefanya kosa la kawaida hukaa nje dakika 2, timu yake ikicheza pungufu, na ukitaka kujua timu ni nzuri au mbaya, tazama dakika hizo mbili. Tofauti na mchezo wa wanaume, kumgonga mpinzani kwa mwili kwa makusudi ni kosa kwa wanawake, na kwa hiyo pasi na ustadi wa gongo huonekana wazi zaidi. Mimi naona ndio mchezo mzuri zaidi kati ya hiyo miwili, ingawa najua wapo watakaobisha.

Kusoma matokeo bila kudanganyika

Kama huna bando la kutosha kwa video, tovuti za vyuo huweka maelezo ya mechi kwa maandishi, dakika kwa dakika, nayo hula data kidogo sana. Lakini soma kwa uangalifu. Sisi tunapoandika Dodoma Jiji dhidi ya mgeni, mwenyeji hutangulia. Wamarekani humtanguliza mgeni, na mwenyeji huja wa pili.

Rekodi ya timu nayo ina mtego. Msimu wa 2024/25 Wisconsin ilimaliza kwa 38-1-2. Mtanzania aliyezoea msimamo wa ligi kuu atasoma ushindi 38, sare 1, vipigo 2, naye atakuwa amekosea, kwa maana kipigo kilikuwa kimoja tu: sare huandikwa mwishoni. Kwa mpangilio huohuo, Minnesota ya 2012/13 iliandika 41-0-0, msimu mzima bila kipigo wala sare.

Mechi ikiisha kwa sare, huongezwa dakika 5 za watatu dhidi ya watatu, na goli la kwanza humaliza kazi. Ligi zinazopiga penalti baada ya hapo humpa mshindi alama ya ziada katika msimamo wao, lakini kwa hesabu za taifa mechi ya penalti hubaki sare. Ndiyo maana katika daftari langu nimeweka safu mbili: moja ya alama za ligi, nyingine ya rekodi ya taifa. Mstari mmoja kwangu huwa na siku ya Dodoma, nyumbani au ugenini, matokeo, herufi N kama kulikuwa na muda wa nyongeza, na idadi ya mara timu yangu ilipocheza pungufu. Zaidi ya hapo utachoka kabla ya Krismasi.

Machi

Mwishoni mwa Februari kila ligi hufanya mtoano wake, na bingwa wa kila ligi kati ya hizo tano huingia moja kwa moja katika mashindano ya taifa. Nafasi nyingine 6 hugawiwa kwa kuangalia matokeo ya msimu mzima na ugumu wa wapinzani, hivyo jumla huwa timu 11, kutoka 8 za kabla ya mwaka 2022. Timu nne za juu huwa wenyeji wa raundi za mwanzo, na ukipoteza mechi moja umekwenda nyumbani. Hapa dakika 5 za watatu watatu hazipo tena: huchezwa vipindi kamili vya dakika 20 hadi goli lipatikane, kwa hiyo chaji simu mapema, maana Machi huku ni mwezi wa mvua na umeme hauna ahadi.

Nusu fainali na fainali huchezwa katika mji mmoja, kwa kawaida Ijumaa na Jumapili. Anayetaka kujua kwa nini mtu huvumilia yote haya aitafute fainali ya 2025, iliyochezwa Minneapolis. Ohio State ilikuwa mbele 3-2 dhidi ya Wisconsin. Zikiwa zimebaki sekunde 18.9, baada ya waamuzi kurudia picha, Wisconsin ilipewa penalti; Kirsten Simms akaifunga, na yeye huyohuyo akafunga goli la ushindi katika muda wa nyongeza.

Fainali ikiisha, pitia majina uliyoyaandikia mwaka wa nne na uyapigie mstari, kisha acha kurasa mbili tupu kwa wanaoingia. Ratiba mpya huanza kutangazwa katika miezi ya katikati ya mwaka, wakati huku baridi ya Juni na Julai inakufanya utafute sweta, nawe uianze kwa kuandika kwanza tarehe za Jumapili zile mbili.