Ukikabidhiwa kiti cha kwanza cha fidla

Mimi ni fundi cherehani wa Mwanga, Kigoma. Kila Jumamosi kabla ya saa 9 alasiri nafunga kibanda, nabeba fidla yangu na kuelekea Gungu, kwenye ukumbi tunaoazimwa na kanisa. Hapo nakaa kiti cha kwanza cha okestra yetu ya mtaani. Tuko 26: fidla 9, viola 2, selo 3, besi kubwa moja, fluti 2, klarineti 2, tarumbeta 4, tromboni 2 na mpiga ngoma. Wengi tumetokea kwaya na bendi za matarumbeta za makanisani.

Mwezi uliopita dada mmoja wa Tabora alinipigia simu. Na wao wameanza kukusanyika, wamemchagua aongoze fidla, na sauti yake ilikuwa na hofu. Tuliongea mpaka salio likaisha. Haya ndiyo niliyotaka kumwambia, yeye na mwingine yeyote aliyepewa kiti hicho.

Elewa kwanza nani anakutazama. Kwenye kwaya macho yote yako kwa mwalimu. Kwenye okestra mwalimu naye yupo mbele na anapiga mapigo, lakini mkono wake hautoi sauti. Anaonyesha lini. Kwa nguvu kiasi gani, kwa urefu gani wa upinde, kwa ukali au kwa ulaini, hayo wenzako wanayachukua kwako. Aliye nyuma yako ana nota puani, na ukingoni mwa jicho lake anaona mgongo wako na kiwiko chako cha kulia. Kiwiko hicho ndicho anachokifuata. Kila sehemu ina mtu wake wa namna hiyo: fidla za pili (kundi linalocheza sauti ya pili, chini ya fidla za kwanza), viola, selo, tarumbeta. Wewe wa fidla za kwanza ndiye viongozi hao wanakugeukia pale mambo yanapokorogeka.

Kazi yako ya kwanza kila siku ya mazoezi ni kulinganisha sauti. Kwenye okestra kubwa anayetoa sauti ya kuanzia ni mpiga oboi, ala ya kupuliza, naye hutoa nota ya A, ambayo kwa kawaida ni mitikisiko 440 kwa sekunde. Sisi hatuna oboi, tunatumia kinanda cha kanisa. Kabla hujaomba hiyo A, nyanyuka ukaangalie mwenyewe kioo cha kinanda kama transipozi, ile ya kuhamisha sauti juu au chini, iko sifuri. Wapiga vinanda wetu huihamisha Jumapili ili wimbo umkae vizuri mwimbishaji, halafu wanazima na kwenda nyumbani. Nusu ya mwezi mzima tulilinganisha kwa A isiyo A, na wa tarumbeta wakawa wanalaumiwa bure kwamba wako chini. Umeme ukikatika, tumia programu ya simu, lakini mtu mmoja tu ndiye aitoe. Simu sita zikilia kila moja na lake ni vurugu.

Anza na wa kupuliza. Tarumbeta na klarineti zetu ni za B fleti, yaani nota yao ya C hutoa B fleti ya kinanda, kwa hiyo A ya kinanda kwao inaandikwa B, na midomo yao haijazoea kutulia hapo. Waombee B fleti kwanza, sauti waliyokulia nayo kwenye bendi, kisha A. Halafu nyuzi: besi na selo, viola, fidla za pili, na mwisho fidla za kwanza. Simama huku wanafanya hivyo, usikae. Wanakwaya wapya watakuuliza A ni do au ni la. Waeleze taratibu kwamba do yetu inahama kila wimbo unapobadilika, lakini A haihami, ni kama kituo cha reli. Ukilisema hivyo Kigoma, ambako reli ilifika 1914 na haijasogea, wanaelewa mara moja.

Sasa pinde, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiongozi anapofanya kazi ambayo watu hawaioni. Upinde una kushuka na kupanda. Alama ya kushuka inafanana na fremu ya mlango isiyo na kizingiti, ya kupanda ni V. Kushuka kuna uzito wake wa asili, kwa hiyo pigo zito la mwanzo wa kipimo, yaani fungu la mapigo kati ya mistari miwili ya wima, tunalipa kushuka, na nota ndogo inayolitangulia tunaipa kupanda. Hiyo ndiyo kanuni, na karibu kila ukurasa una mahali inapokataa. Basi mimi nafanya hivi: nota zikifika, Jumatatu usiku nikishamaliza nguo za watu, nacheza sehemu yangu polepole na kuandika kila upinde kwa penseli. Penseli, usitumie kalamu ya wino, kwa sababu utafuta mara tatu. Jumatano nakutana na kiongozi wa fidla za pili na wa selo kibandani kwangu kwa dakika 20. Tunaangalia pale tunapocheza sentensi moja ya muziki, tunakubaliana tushuke au tupande wote. Alhamisi napiga picha kurasa na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp. Jumamosi hatupotezi muda kuulizana.

Siyo mapambo ya macho tu, ingawa pinde zikienda pamoja watu wa mbele ukumbini hupenda. Mmoja akiwa nchani mwa upinde na mwenzake yuko kisiginoni, karibu na mkono, sauti zao haziwezi kuwa na uzito mmoja hata wakijitahidi vipi. Ukitaka fidla zote zipunguze sauti, usigeuke kuwaambia «sauti chini». Cheza karibu na ncha, upinde mfupi, na hakikisha wanaona. Watapungua.

Kukaa ni wawili kwa stendi moja ya nota. Wa nje, aliye upande wa watazamaji, anaendelea kucheza. Wa ndani anageuza ukurasa. Nota zikigawanyika juu na chini, wa nje anachukua ya juu. Lisemeni hili siku ya kwanza likwishe.

Halafu pumzi. Unapowaanzisha, vuta pumzi kwa pua pigo moja kabla, kwa mwendo uleule wa wimbo, na kichwa cha fidla kipande kidogo pamoja nayo. Pumzi ya haraka inaleta mwanzo wa haraka. Zoezi letu ni kumwomba mwalimu aketi, tukaanza wimbo kwa pumzi yangu tu, mara kumi mfululizo. Wakati mzuri ni Machi, mvua ikipiga bati la ukumbi mpaka hamsikiani. Hapo hakuna msaada wa masikio, ni macho peke yake, na nimeona okestra yetu ikianza pamoja zaidi kwenye mvua kuliko siku ya kiangazi.

Mwili wa kiongozi unasema hata pale usipokusudia. Krismasi ya mwaka juzi tulicheza Haleluya ya Handel pamoja na kwaya mbili. Wimbo huo uliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, na uko D, ufunguo unaopendeza kwenye fidla kwa sababu nyuzi zetu zote nne zimo ndani yake. Wa tarumbeta ndio wanaotaabika: kwa ala zao za B fleti inageuka E yenye shapu nne. Karibu na mwisho, baada ya haleluya zile za mfululizo, kila kitu kinakatika. Kimya kabisa, kabla ya ile haleluya ya mwisho ya polepole. Hapo ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani, na mimi, kwa furaha ya kukaribia kumaliza, nikavuta pumzi kabla ya mwalimu. Kichwa cha fidla yangu kikapanda. Fidla tatu na selo moja zikalia peke yazo katikati ya kile kimya.

Hawakukosea wao, walinitii. Mzee wetu wa selo alikuja baadaye kuniomba radhi na nikashindwa kumtazama usoni mpaka nilipomweleza. Tangu siku hiyo nafanya hivi kwenye kila kimya: upinde unabaki hewani palepale pigo la mwisho lilipouacha, mabega yametulia, macho kwa mwalimu, na pumzi yangu naivuta pamoja na yake. Juu ya kipimo kile nimeandika GANDA kwa herufi kubwa. Na ikitokea umewaponza, usitikise kichwa wala kuangalia nyuma. Tafuta mwanzo wa sentensi inayofuata, inua kichwa cha fidla kuliko kawaida, shuka kwa upinde mzima. Watakupata.

Kuna suala la kusahihisha watu wazima. Huyo mzee wa selo ni mstaafu wa reli, ana umri wa baba yangu. Siwezi kumwambia mbele za watu kwamba kapanda mahali pa kushuka. Nafika mapema, namwamkia shikamoo, nauliza hali ya nyumbani, kisha namwonyesha ukurasa: «Baba, hapa kipimo cha 16 naona mimi na wewe tumeandika tofauti, tushuke au tupande?» Anavaa miwani, anaangalia, anasema «tushuke». Vijana nao wana heshima yao. Kijana wa stendi ya tatu akisemwa hadharani, Jumamosi ijayo haji, na fidla iliyo mikononi mwake haiji pia.

Kwa mwalimu, wewe ndiye mdomo wa sehemu yako. Kila mtu akimuuliza lake mazoezi yanakwisha. Wakusanye maswali, uliza moja, na kama huafiki mwendo anaouchagua, mwambie wakati wa chai.

Kiongozi wa tarumbeta ana kazi nyingine, kuhesabu. Anaweza kukaa vipimo 40 bila kupuliza halafu aingie kwa nguvu mbele ya watu wote. Wetu anakunja vidole gotini, na tumekubaliana kwamba vipimo viwili kabla ya kuingia ananitazama nami namtazama. Jicho hilo moja limetuokoa mara nyingi.

Tunza ala za sehemu yako. Masika, unyevu wa ziwa unavimbisha vigingi vya kukazia nyuzi na havizunguki. Kiangazi vinalegea na uzi unafumuka wenyewe. Kigingi kinachoteleza kipake chaki, kinachokwama kipake sabuni kavu ya mche, kidogo sana. Usiache fidla kwenye gari au karibu na dirisha lenye jua, gundi inaachia. Nyuzi tunaagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa hiyo kiongozi awe na akiba ya uzi wa E angalau miwili, maana ndio mwembamba na ndio unaokatika. Ng'ambo ya ziwa letu, mbali huko Kinshasa, kuna okestra iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani. Walianza na fidla chache za kupokezana, na uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Huwa nawasimulia wapya hilo wanapolalamika kwamba fidla zetu hazitoshi.

Siku ya onyesho, linganisheni sauti, kaa, mwalimu aingie. Atakupa mkono. Anakushika wewe kwa niaba ya wote 26, kwa hiyo simama wima na umpokee vizuri. Wakipiga makofi na mwalimu akaashiria, nyanyuka, wenzako watanyanyuka nawe. Ukikaa, watakaa.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mwachie mwenzako wa stendi kiti hicho kwa wimbo mmoja. Mpe penseli. Wewe hamia upande wa ndani, geuza kurasa, na ufuate kiwiko chake.