Jinsi ya kuandika historia ya Athletic ya Bilbao bila kuchanganya majina, makombe na miaka

Anza na jina. Kabla hujahesabu kombe hata moja, chukua karatasi uandike majina yote ambayo klabu imewahi kuitwa, kila moja na mwaka lilipoanza na mwaka lilipokoma. Kwa klabu za Hispania hii ndiyo kazi inayookoa muda kuliko zote, kwa sababu katika karne iliyopita serikali zilibadilisha majina ya timu na ya makombe, na anayeandika bila orodha hiyo huishia kumpa mtu kombe la jirani.

Jina rasmi la klabu tunayoitumia hapa ni Athletic Club, bila neno Bilbao. "Athletic Bilbao" ni jina la watu wa nje, na hakuna ubaya kulitumia mara ya kwanza ili msomaji ajue tunazungumzia nani. Athletic ni neno la Kiingereza, maana soka lilifika Bilbao na mabaharia na wafanyakazi Waingereza, na pia na vijana wa mji waliorudi kutoka masomoni Uingereza. Utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, ulipopiga marufuku maneno ya kigeni kwenye majina ya vilabu, mwaka 1941 klabu ikaitwa Atlético de Bilbao, na haikurudishiwa jina lake hadi 1972. Kwa hiyo bingwa wa ligi msimu wa 1955-56, kwenye magazeti ya siku hizo, ni Atlético de Bilbao. Msomaji wa Tanzania atakuelewa upesi ukimkumbusha kwamba ubingwa wa 1965 uliandikwa kwa jina la Sunderland, si Simba.

Sasa ongeza mstari wa pili kwenye karatasi hiyohiyo, wa Atlético de Madrid, kwa sababu ndiko ajali nyingi hutokea. Klabu hiyo ilianzishwa Aprili 1903 na wanafunzi Wabasque, yaani watu wa eneo la Bilbao, waliokuwa Madrid, ikiwa tawi la Athletic ya Bilbao, na ikaitwa Athletic. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe iliungana na timu ya jeshi la anga ikawa Athletic-Aviación, kisha Atlético Aviación, na mwaka 1947 ikachukua jina la Atlético de Madrid. Maana yake, kuna miaka mingi ambayo gazeti likiandika "Athletic" au "Atlético" peke yake hujui ni nani. Usikisie. Tazama uwanja: San Mamés ni Bilbao, Metropolitano ni Madrid. Kwenye misimamo ya ligi tafuta vifupisho "At. Bilbao" na "At. Madrid". Na kama ni picha, tazama bukta. Jezi zote mbili zina mistari myekundu na myeupe, kwani zilitoka kwenye shehena moja ambayo Juan Elorduy aliileta kutoka Southampton mwishoni mwa 1909, lakini Bilbao walikwenda na bukta nyeusi, Madrid wakabaki na za bluu za zamani. Picha isiyo na rangi bado inasaidia, kwa kuwa nyeusi na bluu huwa na giza tofauti, ila usiitegemee peke yake.

Mwaka wa kuanzishwa

Klabu yenyewe inasema 1898. Ukisoma kwingine utakuta 1901. Miaka yote miwili ina msingi. Mwaka 1898 vijana wa ukumbi wa mazoezi wa Zamacois walianza kucheza pamoja wakijiita Athletic Club, na mwaka 1901, baada ya mikutano iliyofanyika Café García, klabu ikasajiliwa ikiwa na katiba na uongozi. Andika hivyo hivyo: "ilianza 1898, ikasajiliwa 1901". Kuchagua mwaka mmoja na kuuficha mwingine ni kumnyima msomaji kitu, na atakapokutana na mwaka wa pili atadhani wewe ndiye uliyekosea.

Ukihamia klabu nyingine tumia kipimo hicho hicho. Sevilla wanatumia 1890, na vitabu vya miaka mingi vilisema 1905. Swali ni moja kila mara: huo mwaka ni wa mpira wa kwanza, wa mkutano wa kwanza, au wa karatasi za serikali?

Makombe 24 au 25?

Hapa kaa kwa muda, maana ndipo mabishano ya mitandaoni huanzia.

Mei 1902 Mfalme Alfonso XIII alipotawazwa, Madrid iliandaa mashindano ya soka kwenye uwanja wa mbio za farasi. Timu zilikuwa tano: Madrid (Real Madrid ya leo), New Club na Español, Barcelona, na timu iliyoitwa Vizcaya. Vizcaya haikuwa klabu. Ilikuwa mchanganyiko wa wachezaji wa Athletic na wa klabu nyingine ya mjini, Bilbao Football Club. Fainali waliifunga Barcelona 2-1. Mwaka uliofuata Bilbao FC ikamezwa na Athletic, kombe likabaki kwenye makabati ya Athletic, na hadi leo limo kwenye jumba lao la makumbusho.

Shirikisho la soka la Hispania linaanza kuhesabu Kombe la Mfalme, kombe la mtoano la nchi, kuanzia 1903, mwaka ambao Athletic, ikiwa nyuma 2-0 hadi mapumziko, iliifunga Madrid 3-2. Kwa hesabu hiyo Athletic ina makombe 24, la mwisho likiwa la Aprili 6, 2024 mjini Sevilla, walipoishinda Mallorca kwa penalti baada ya sare ya 1-1. Klabu inaongeza la 1902 na kusema 25. Njia sahihi ya kuandika ni kutaja idadi pamoja na aliyehesabu: "24 kwa hesabu ya shirikisho, 25 kwa hesabu ya klabu". Namba isiyo na mwenyewe ni chanzo cha ugomvi. Ukiangalia kwa haki, Athletic wana hoja: mrithi wa timu zote mbili zilizounda Vizcaya ni wao tu, hakuna mwingine anayeweza kulidai kombe lile. Shirikisho nalo lina hoja, kwa sababu yale yalikuwa mashindano ya sherehe, na klabu ya Athletic kama Athletic haikuingia.

Kuna na la 1904. Athletic walilitwaa bila kucheza fainali, kwa sababu timu za Madrid zilishindwa kumaliza mzozo wao wenyewe juu ya nani awakilishe mji. Usitafute matokeo ya fainali hiyo. Ukiyaona mahali, mtilie shaka aliyeyaandika katika mambo mengine pia.

Kombe hilo moja nalo limebadilishwa jina. Mpaka Jamhuri ilipoingia 1931 liliitwa Kombe la Mfalme. Wakati wa Jamhuri likawa Kombe la Rais wa Jamhuri, na kutoka 1939 hadi 1976 likawa Kombe la Generalísimo, yaani la Franco, kisha likarudi kwa mfalme. Ni kombe lilelile, lihesabu mara moja, lakini usimwambie msomaji kwamba mwaka 1958 Athletic walitwaa "Kombe la Mfalme", kwani Hispania haikuwa na mfalme kitini. Fainali hiyo ya 1958 waliifunga Real Madrid, mabingwa wa Ulaya, 2-0 ndani ya Bernabéu, uwanja wa Madrid wenyewe.

Usichanganye kombe hili na Super Cup, mashindano ya mabingwa wa ligi na wa kombe. Athletic wana tatu za mashindano ya sasa: 1984, 2015 na ya Januari 2021. Ile ya 1984 haikuchezwa. Walipewa kwa sababu walikuwa wametwaa ligi na kombe msimu mmoja. Kombe la Eva Duarte la 1950 ni mashindano mengine kabisa. Liwekee mstari wake.

Jedwali la misimu

Fungua Excel, au daftari la mraba kama huna kompyuta, uweke kolamu saba: msimu, jina la klabu wakati huo, idadi ya timu kwenye ligi, nafasi, pointi, mbali ilikofika kwenye kombe, na chanzo. Kolamu ya mwisho usiiache tupu hata mara moja. Ukiipuuza, baada ya wiki mbili hutajua namba imetoka wapi na itabidi urudie kazi yote.

Ligi ilianza Februari 1929 ikiwa na timu 10, kwa hiyo msimu ulikuwa na mechi 18. Ubingwa wa kwanza wa Athletic, 1929-30, ulikuja bila kufungwa: ushindi 12, sare 6, pointi 30. Msomaji wa leo akizidisha kwa tatu atapata 42 na kusema umekosea. Ushindi ulikuwa na pointi 2 hadi 1995, tatu zilianza msimu wa 1995-96. Andika pointi kama zilivyotolewa wakati ule, na uweke maelezo mafupi pembeni.

Misimu mitatu, 1936-37 hadi 1938-39, haipo kwa sababu ya vita. Acha mistari yake kwenye jedwali, uandike "vita". Ukiifuta, hesabu yoyote ya "misimu mfululizo" itakuvuruga, na kwa Athletic hesabu hiyo ni muhimu mno: wao, Real Madrid na Barcelona ndio pekee ambao hawajawahi kushuka daraja tangu ligi ianze.

Timu mbili zikilingana pointi, Hispania hutazama kwanza mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe, si tofauti ya mabao. Msimu wa 1983-84 Athletic na Real Madrid walimaliza na pointi 49 kila mmoja, na ubingwa ukaenda Bilbao. Huo ndio wa nane na wa mwisho. Wengine ni wa 1929-30, 1930-31, 1933-34, 1935-36, 1942-43, 1955-56 na 1982-83.

Timu ya wanawake, iliyoanza 2002, ipewe jedwali lake. Ina ubingwa wa ligi mara tano, wa mwisho 2016.

Majina ya watu

Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza la baba na la pili la mama, na orodha hupangwa kwa lile la baba. Rafael Moreno Aranzadi utamkuta kwenye M. Ila hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Pichichi, mfungaji wa bao la kwanza San Mamés Agosti 21, 1913, aliyefariki 1922 akiwa na miaka 29, na tuzo ya mfungaji bora wa ligi inaitwa kwa jina lake. Timu inayofika San Mamés kwa mara ya kwanza huweka maua mbele ya sanamu yake.

Tuzo hiyo hutolewa na gazeti la Marca, si na ligi, na hesabu zao zinaweza kutofautiana. Msimu wa 2010-11 Marca walimpa Cristiano Ronaldo mabao 41, ligi ikampa 40.

Telmo Zarra alifunga mabao 251 ya ligi, rekodi iliyodumu hadi Messi alipoivunja Novemba 2014. Ukitafuta habari zake jaribu pia Zarraonandia na Zarraonaindia. Na hapa pana mtego: Iñaki Williams, mzaliwa wa Bilbao wa wazazi kutoka Ghana, alicheza mechi 251 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja, kati ya 2016 na 2023. Namba ni ileile, moja ya mabao, nyingine ya mechi. Zitenganishe kwa sentensi kamili.

Kuhusu desturi ya klabu kutumia wachezaji wa Kibasque pekee, epuka maneno "sheria" na "katiba ya klabu". Ni desturi iliyoshika tangu miaka ya 1910, na haimo kwenye katiba. Leo inamhusu aliyezaliwa au aliyelelewa kisoka katika nchi ya Wabasque, ikiwa ni pamoja na Navarra na upande wa Ufaransa. Haiwahusu makocha: Fred Pentland alikuwa Mwingereza, Bielsa ni Mwajentina.

Pa kutafuta

Maktaba ya Taifa ya Hispania ina hifadhi ya magazeti ya zamani mtandaoni, inaitwa Hemeroteca Digital, na ni bure. Mundo Deportivo la Barcelona, lililoanza 1906, nalo limeweka kurasa zake za zamani wazi. Andika neno la kutafutia kwa jina la wakati ule: "Athletic" kwa 1934, "Atlético de Bilbao" kwa 1943. Majina ya miji pia yamebadilika tahajia, kwa hiyo tafuta Vizcaya na Bizkaia, Guecho na Getxo. Soma gazeti la siku mbili tatu baada ya mechi, si la siku yenyewe, na linganisha gazeti la Barcelona na la Madrid. Pale wanapokubaliana juu ya mfungaji, andika. Wasipokubaliana, taja wote wawili.

Chini ya jedwali weka tarehe uliyofunga hesabu. Iandike kwa siku, mwezi na mwaka, maana msimu mmoja tu unatosha kuifanya namba sahihi ya leo ionekane kosa.