Kupanga mapipa ya taka ya mtaani: anza na atakayeyamwaga

1. Kubaliana na wazoaji taka kabla ya kununua chochote. Nani anamwaga, siku zipi, kwa gari au mkokoteni, na sikukuu inakuwaje? Pipa lisilo na mwenyewe hugeuka jalala upesi, na hapo ni afadhali lisingewekwa kabisa.

2. Tembea barabara nzima asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na ya mapumziko, ukitia alama kwenye ramani kila palipo na taka chini. Mtu hutupa pale anapomaliza kula au kusubiri: kituoni, kwenye kona, hatua chache kutoka dukani. Weka pipa hapo. Kuyapanga kwa umbali sawasawa hupendeza kwenye karatasi tu.

3. Pima ujazo. Safisha kila eneo, kisha kesho yake saa ileile okota taka zote na uzipime kwa ndoo ya lita 20. Tuseme kituo kimetoa ndoo 2, yaani lita 40 kwa siku. Wazoaji wakija kila siku ya 3, ni lita 120. Siku ya kuzoa pipa liwe limejaa robo tatu tu, hivyo gawanya kwa 0.75: unahitaji lita 160. Usinunue pipa moja la ukubwa huo, maana taka zikilowa mzoaji atajiumiza mgongo kulinyanyua. Weka mawili ya lita 80.

4. Chagua pipa lenye paa la kuzuia mvua, ndoo ya ndani inayotoka, na matundu chini ya kutolea maji. Mdomo uwe wa sentimita 15 hadi 20: chupa inapita, mfuko wa taka za nyumbani haupiti. Mifuko ikianza kurundikwa pembeni, usiongeze ukubwa wa pipa. Shida ni kwamba taka za majumbani hazizolewi, na dawa yake iko huko.

5. Acha walau mita 1.5 za njia kwa viti vya magurudumu. Usizibe mfereji wala macho ya dereva kwenye makutano.

6. Jaribu kwanza kwa mapipa ya muda, wiki 3 au 4. Linalobaki tupu lisogeze, linalofurika liongezee safari ya kuzoa. Ndipo umwage zege na kufunga bolti.